Kufuata Nyungunyungu Kusini mwa Uingereza: Downe, Harpenden, Silchester na Stonehenge

Nimeandika simulizi hii baada ya kurudi nyumbani, nikiwa na daftari la safari, tiketi nilizozibandika ndani yake, na picha za simu ambazo nyingi ni picha za ardhi. Niliyemfuata Uingereza ni nyungunyungu. Charles Darwin alimchunguza mnyama huyu kwa zaidi ya miaka 40, na kitabu chake cha mwisho, kilichotoka Oktoba 1881, miezi sita tu kabla hajafariki, kilimhusu yeye. Katika nyumba ileile Darwin alishughulikia pia swali la namna viumbe wasioweza kwenda mbali wanavyofika mbali. Kila ninaposoma juu ya nyungunyungu naona mambo hayo mawili yametengwa, huku yakielezwa anavyougeuza udongo na kule yakielezwa mabara aliyofika, na mimi nilitaka kuyatazama yakiwa mahali pamoja. Ndiyo maana nilichagua mwishoni mwa Oktoba, wakati mvua imelainisha ardhi na majani yanaanguka, badala ya kiangazi ambacho watalii wengi hukipenda na ambacho nyungunyungu hujificha chini kabisa.

Jumatatu: London

Siku ya kuwasili ilipita kwenye foleni za uwanja wa ndege na usingizini, kwa hiyo nitasema yale tu yatakayomfaa msafiri. Anayehitaji viza ya mgeni aiombe mapema. Mabasi ya London hayapokei fedha taslimu. Unagusisha kadi ya benki kwenye mashine, na nauli niliyolipa ilikuwa pauni 1.75 kwa safari, ambapo ukipanda basi jingine ndani ya saa moja hutozwi tena. Kwa maeneo ya kihistoria, nilinunua pasi ya wageni kutoka nje ya nchi ambayo shirika la English Heritage huiuza kwa siku 9 au 16. Iliniingiza nyumbani kwa Darwin na pia Stonehenge, penye duara la mawe makubwa ya kale, na kwa kuwa tiketi ya Stonehenge pekee huzidi pauni 20, pasi hiyo haikuchelewa kulipa gharama yake. Malazi ndiyo yaliyokula fedha nyingi kuliko kitu kingine chochote, nami niliyapunguza kwa kupanga chumba katika nyumba ya mama mmoja mjini Orpington, mbali na katikati ya jiji.

Jumanne: Downe

Basi namba 146 hutoka Bromley hadi kijiji cha Downe, nalo hupita mara moja tu kwa saa, hivyo anayelikosa ana muda mrefu wa kusubiri. Asubuhi hiyo upepo ulikuwa umeangusha mti barabarani, na tulikaa ndani ya basi karibu saa nzima mpaka ulipokatwa na kuondolewa. Bibi aliyeketi karibu nami alinimiminia chai kutoka kwenye chupa yake, akaniuliza ninakokwenda, na tulipofika kijijini akafuatana nami hadi mwanzo wa barabara ya Luxted ili anionyeshe upande salama wa kutembea, kwa maana njia ni nyembamba, ina ua wa vichaka pande zote mbili, na kuna mahali ambapo haina sehemu ya waendao kwa miguu.

Darwin alihamia Down House mwaka 1842 na akaishi hapo hadi kifo chake mwaka 1882. Nilipita vyumba vya chini haraka na kusimama muda mrefu katika chumba chake cha kazi, ambako aliwaweka nyungunyungu ndani ya vyungu vya udongo. Aliwapulizia kipenga, mwanawe akawapigia basuni kwa sauti kubwa kadiri iwezekanavyo, na hawakushtuka hata kidogo. Lakini vyungu vilipowekwa juu ya piano na noti nzito ikapigwa, walirudi mashimoni mara moja, kwa sababu mtikisiko uliwafikia kupitia kile walichokuwa wamekalia. Nyungunyungu hana sikio, ila ngozi yake yote huhisi mtetemo, na kwa mnyama anayewindwa na fuko na ndege hilo ni jambo la kufa na kupona.

Bustanini kuna jiwe la mviringo lililolazwa chini, lenye tundu katikati ambamo fimbo za chuma zimeshuka ndani sana kwenye ardhi isiyosogea. Horace, mwana wa Darwin, alibuni chombo cha kupima jinsi jiwe linavyozama likilinganishwa na fimbo hizo, na kipimo chake kilikuwa milimita 2.22 kwa mwaka. Jiwe halizami kwa uzito wake peke yake. Nyungunyungu humeza udongo wa chini, huupandisha na kuuacha juu kama kinyesi kilichojiviringisha, na mashimo waliyoyaacha chini hubomoka polepole, kwa hiyo kilichokuwa juu hushuka na kilichokuwa chini hupanda.

Ushahidi ulionigusa zaidi uko katika malisho yaliyo jirani. Mwaka 1842 Darwin alitandaza vipande vya chokaa juu ya shamba moja, akaliacha. Mwaka 1871, yaani baada ya miaka 29, alichimba mtaro na kukuta mstari mweupe wa chokaa ile ukiwa takriban sentimita 18 chini ya majani. Kulikuwa pia na shamba la mtelemko ambalo wanawe waliliita shamba la mawe, kwa kuwa walipokimbia kulishuka mawe ya gumegume yaligongana chini ya miguu yao. Miaka 30 baadaye farasi angeweza kulikimbia toka mwisho hadi mwisho bila kwato zake kugusa jiwe. Hakuna mtu aliyeyaokota mawe hayo. Darwin alikadiria kwamba katika sehemu nyingi za Uingereza zaidi ya tani 10 za udongo mkavu hupita matumboni mwa nyungunyungu na kuletwa juu katika kila ekari kila mwaka, na ukisimama kwenye mtelemko huo hesabu hiyo haikupi shida kuiamini.

Mchana nilikula supu ya viazi na mkate katika baa ya kijijini. Emma, mke wa Darwin, amezikwa katika uwanja wa kanisa la Downe, mwendo mfupi kutoka hapo, wakati mumewe alizikwa Westminster Abbey mjini London.

Jumanne usiku: bustani ya Orpington

Mama mwenye nyumba alipojua kilichonileta, aliniazima koti la mvua na tochi, akafunika kioo cha tochi kwa karatasi nyekundu ya plastiki kwa sababu mwanga mwekundu hauwasumbui sana nyungunyungu, na tukatoka baada ya saa nne usiku mvua ikiwa imekatika. Aliniambia nitembee polepole sana na nisikanyage kwa kisigino.

Karibu na mti wa mlimao-mwitu, ambao Waingereza huupanda kandokando ya njia na hauhusiani na limau tunalolijua, tulimkuta mmoja akiwa amejitokeza zaidi ya nusu ya mwili, mkia ukiwa umeshika ndani ya shimo. Alipapasa kwa ncha ya kichwa, akaligusa jani lililolowa, akaliacha, akaligusa tena upande wa ncha, kisha akalinyonya kwa mdomo na kuanza kujivuta. Jani lilikunjana kwa urefu wake na kuingia shimoni kwa vituo, sentimita moja moja, mpaka likabaki limesimama kikonyo juu. Kandokando ya shimo kulikuwa na rundo dogo la vikonyo na vinyesi vya udongo. Darwin aliwahi kuchomoa majani 227 kutoka katika mashimo ya namna hiyo: 181 yalikuwa yameingizwa kwa ncha, 20 kwa kitako, na 26 kwa katikati. Akakata pia pembetatu 303 za karatasi, na zilizovutwa kwa pembe kali zilikuwa asilimia 62, jambo lililomfanya aamini kwamba mnyama huyu hafanyi kazi kwa kubahatisha.

Huyu tuliyemwona, kwa ukubwa wake na shimo lake la wima, alikuwa Lumbricus terrestris, aina inayoishi katika shimo moja la kudumu linaloweza kushuka mita moja hadi mbili na zaidi. Si nyungunyungu wote wanaofanya hivyo. Wapo wanaokaa katika majani yanayooza bila kuchimba, na wapo wanaotambaa kwa ubapa ndani ya udongo na ni nadra kuonekana. Shimo la wima hupitisha maji ya mvua na hewa, nalo huwa njia ya mizizi. Jani lililozikwa huoza ndani badala ya kukauka juu. Tangu mwaka 1994 wanaikolojia wana jina la viumbe wa namna hii, wahandisi wa mfumo ikolojia, maana yake viumbe wanaobadilisha makazi yenyewe ambamo wengine wanaishi. Nasi wenye mchwa tunao wahandisi wetu, na kazi yao inaonekana kutoka mbali. Hii ya nyungunyungu inafichwa na majani juu yake.

Jumatano: Downe tena

Pasi iliniruhusu kurudi, nami nilirudi kwa ajili ya swali la pili. Karibu na bustani ya mboga Darwin alifanya majaribio ya usambaaji ambayo mtu yeyote mwenye subira angeweza kuyafanya. Aliloweka mbegu za aina 87 katika maji ya chumvi, na baada ya siku 28 aina 64 ziliota. Chache zilistahimili siku 137. Alichota vijiko vitatu vya matope ukingoni mwa bwawa, akayaweka chumbani kwa miezi sita yakiwa yamefunikwa, na kila mche ulipotokeza aliung'oa na kuuhesabu: ilikuwa 537, na matope yote yalitosha ndani ya kikombe cha chai ya asubuhi. Aliletewa mguu wa kwale ulioganda bonge la udongo, na udongo huo, ingawa ulikuwa umehifadhiwa miaka mitatu, ulitoa mimea 82. Aliitumbukiza miguu ya bata katika maji yenye konokono wachanga, wakaing'ang'ania, na walikaa hai nje ya maji kati ya saa 12 na 20, muda ambao ndege anaweza kuvuka bahari.

Nilitembea Sandwalk, njia ya changarawe ambayo Darwin aliizunguka kila siku, nikiyafikiria hayo juu ya nyungunyungu. Kwa nguvu zake mwenyewe jamii ya nyungunyungu husonga mbele takriban mita 5 hadi 10 kwa mwaka. Ukipiga hesabu, tangu barafu kuu ilipoyeyuka miaka elfu kumi hivi iliyopita angekuwa amesogea kilomita 50 hadi 100 tu. Amerika ya Kaskazini inathibitisha hesabu hiyo: sehemu kubwa ya eneo lililokuwa chini ya barafu haikuwa na nyungunyungu wa asili mpaka walipofika Wazungu, ambao waliwaleta katika mizizi ya miche na katika udongo uliowekwa melini kama uzito wa kutuliza chombo. Leo wavuvi wanaomwaga chambo kilichobaki kando ya maziwa ya Minnesota wanaendelea kuwasambaza, na katika misitu ile iliyokua bila wao tabaka nene la majani limeliwa, na pamoja nalo imepungua mimea ya chini iliyolitegemea. Mnyama aliyejenga malisho ya Downe ndiye anayebomoa msitu kule. Kumwita rafiki wa mkulima na kuishia hapo ni kumfahamu nusu.

Mayai yake yako ndani ya vifukofuko vidogo kama punje ya choroko, vinavyostahimili baridi na kubebwa katika matope. Aina nyingi huhitaji wawili kukutana hata kama kila mmoja ana viungo vya kiume na vya kike. Lakini zipo, kama Dendrobaena octaedra, zinazozaa bila kukutana na mwenzi, na kwa hizo kifuko kimoja kwenye kwato, kwenye gurudumu au kwenye soli ya kiatu chatosha kuanzisha ukoo mahali papya.

Alhamisi: Harpenden

Kutoka London St Pancras treni huchukua nusu saa hivi. Tiketi za kurudi siku hiyohiyo hushuka bei baada ya saa tatu na nusu asubuhi, basi usitoke mapema bila sababu. Kituo cha utafiti cha Rothamsted si mahali pa kubisha hodi. Niliandika barua pepe wiki kadhaa kabla, na mtafiti mmoja akakubali kunitembeza kwa saa moja kando ya Park Grass, malisho ambayo yamekuwa katika majaribio ya mbolea tangu mwaka 1856.

Nilikuwa nimesoma juu ya mahali hapo, lakini kusoma hakukunitayarisha. Kitalu kisichowekewa kitu kina mchanganyiko wa nyasi na mimea mingi ya maua, na juu ya udongo kuna vinyesi vya nyungunyungu. Hatua chache kutoka hapo kuna kitalu kilichopewa salfeti ya amonia kwa zaidi ya karne moja bila chokaa, ambacho udongo wake umekuwa mchachu kupindukia, pH, yaani kipimo cha uchachu, ikiwa chini ya 4. Nyungunyungu hawaishi humo. Mtafiti aliniruhusu kuinama ukingoni na kukandamiza kwa kiganja, na mkono wangu ulizama kidogo na kurudishwa juu, kama kwenye godoro. Ni nyasi zilizokufa mwaka baada ya mwaka, zimelaliana bila kuoza vizuri, na hakuna wa kuzivuta chini. Uzio hakuna kati ya vitalu hivyo viwili. Nyungunyungu wako umbali wa hatua chache, wala hawavuki, kwa kuwa kufika mahali si kitu kama mahali penyewe hapakukubali, na jambo hili mara nyingi husahauliwa tunapozungumzia usambaaji kana kwamba ni usafiri peke yake.

Ijumaa: Silchester

Niliteremka stesheni ya Mortimer na kutembea zaidi ya saa moja kwa njia za mashambani, ambazo mvua ya wiki nzima ilikuwa imezigeuza tope. Viatu virefu visivyopitisha maji ni vya lazima, na chakula ubebe. Kiingilio hakuna. Huu ulikuwa mji wa Kirumi wa Calleva Atrebatum. Ukuta wake wa gumegume, wenye mzunguko wa takriban kilomita 2.4, bado umesimama, lakini ndani yake, ukiacha kanisa la kale upande wa mashariki, huoni ila majani na ng'ombe. Mitaa, mabafu na soko viko chini.

Kasisi Joyce, aliyesimamia uchimbaji hapa katika karne ya 19, alimpa Darwin vipimo vya udongo uliofunika sakafu. Darwin hakudai kwamba nyungunyungu peke yao ndio waliouzika mji. Alikiri kazi ya vumbi, ya mimea na ya kuta zilizoporomoka. Alichokionyesha ni kwamba sakafu zenyewe zilikuwa zimebonyea katikati na kubaki juu kandokando, penye kuta zenye misingi mirefu. Mwaka 1877, huko Abinger katika jimbo la Surrey, sakafu ya nyumba ya Kirumi ilikuwa imefunuliwa na kufagiwa, na bado kila asubuhi vilionekana vinyesi vipya vilivyosukumwa juu kupitia nyufa zake.

Ndani ya ukuta fuko walikuwa wameinua vichuguu vingi vya udongo mbichi, ishara njema, kwa vile chakula chao kikuu ni nyungunyungu. Katika kimoja niliona kipande chekundu cha kigae, ukubwa wa kucha. Nilikipiga picha nikakiacha, na naomba kila atakayefika afanye vivyo hivyo. Mzee aliyekuwa akitembeza mbwa wake alinikuta nimepiga magoti, akasikiliza maelezo yangu kwa makini, na kwa kuwa giza lilikuwa linakaribia akanirudisha stesheni kwa gari lake huku akitandika magazeti chini ya viatu vyangu. Hakukubali pesa ya mafuta.

Jumamosi: Stonehenge

Treni ya kutoka London Waterloo hadi Salisbury huchukua saa moja na nusu hivi, na nje ya stesheni kuna basi la watalii linalokwenda kwenye mawe. Siku za kawaida huruhusiwi kuingia ndani ya duara. Wanaotaka kuingia hupanga ziara maalumu za asubuhi mapema sana au za jioni. Kwa shughuli yangu njia ya kawaida ilitosha, maana mawe niliyoyataka ni yale yaliyoanguka.

Darwin alikuja hapa Juni 1877, akiwa na umri wa miaka 68, akachimbua kando ya baadhi ya mawe hayo. Yalikuwa yamezama kiasi, na udongo wenye majani ulipanda kuelekea kingo zake. Ukisimama na kutazama kwa usawa wa ardhi, badala ya kutazama juu kama wanavyofanya wote, unaweza kuona jinsi jiwe lililolala lilivyo kama limetiwa ardhini kwa mkono. Mwanaakiolojia Richard Atkinson, aliyechimba hapahapa, aliwaonya wenzake mwaka 1957 kwamba kitu kidogo kinachokutwa katika tabaka fulani huenda hakikuachwa katika tabaka hilo, kwani nyungunyungu hushusha sarafu, shanga na vigae. Mtu anayepima umri wa mahali kwa vitu alivyovikuta lazima ajue kwanza ni nani aliyekuwa akivisogeza.

Jumapili: Orpington na kurudi

Nilitumia asubuhi yote kusafisha viatu. Mama mwenye nyumba alinipa beseni, maji ya moto, brashi na kisu kisicho na makali, nami nikakwangua mifereji ya soli mmoja baada ya mwingine. Matope ya Silchester yalitoka mabonge mabonge, yakiwa na mbegu mbili za nyasi na mzizi. Maji yote tuliyamwaga palepale bustanini kwake, kisha viatu vikakaa juu ya bomba la joto mpaka vikakauka kabisa. Nchi nyingi zinakataza kuingiza udongo bila kibali, na ukipita mashambani kabla ya kupanda ndege sema hivyo ukiulizwa, na vionyeshe viatu vyako.

Atakayetaka kuifuata njia hii ahakikishe siku za kufunguliwa kwa Down House kabla hajapanga, kwa sababu majira ya baridi hupungua sana. Abebe tochi na plastiki nyekundu, soksi za akiba, na brashi ngumu. Rothamsted aandikie mapema. Silchester aiweke siku isiyo na haraka, aanze asubuhi, na asitegemee kumpata mtu wa kumrudisha stesheni.